Gari lenye betri mbili: jinsi ya kujua ipi mbovu

Juzi nimemsaidia jamaa mwenye pikapu ya dizeli iliyokuwa ikigoma kuwaka kila asubuhi. Alternata (inayochaji betri injini ikiwa inawaka) ilishabadilishwa, stata ilishafunguliwa mara mbili. Kumbe tatizo ni betri moja kati ya mbili. Naandika ili mwingine asinunue alternata asiyoihitaji.

Nazungumzia betri mbili za volti 12 zilizoungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Hatua ya 1: Safisha vichwa vya betri, kaza, jaribu tena kuwasha.

Hatua ya 2: Zitenganishe. Hapa ndipo tulipopoteza nusu siku. Betri zikiwa zimeungwa hivyo, mita ya volti itakupa namba ileile popote utakapoigusisha. Tulipima huku 12.2, kule 12.2, tukaamini zote ni sawa ila hazichajiwi. Ukweli ni kwamba mbovu hulala ikiinyonya nzima, hivyo asubuhi zote mbili zinaonekana wagonjwa.

Fungua hasi zote mbili kwanza, ndipo uguse chanya. Ukifungua hasi ya betri moja tu, waya wake wa chanya bado una umeme unaotoka betri ya pili. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, cheche zake ni kali, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Vua pete na saa ya chuma. Ncha za waya zifunge kitambaa kikavu zisirudi kugusa vichwa. Kama kuna relei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kutenganisha betri injini ikizimwa, usiitegemee: vidole vyake vya ndani vinaweza kuungua vikagandana, na kwa nje usione kitu. Fungua waya kwa mkono wako.

Hatua ya 3: Chaji kila moja peke yake hadi ijae, kisha iache ipumzike usiku mzima. Ukipima mara tu baada ya kutoa chaja, hata betri mbovu inaweza kukuonyesha zaidi ya 13. Baada ya kupumzika, nzima husimama 12.6 hadi 12.7. Ikionyesha karibu 10.5, seli moja kati ya sita za ndani imekufa, maana kila seli hutoa takriban volti 2. Ya jamaa, moja iliamka na 12.6, nyingine 11.9.

Hatua ya 4: Ibebeshe mzigo. Kipimo cha mzigo huvuta nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye betri kwa sekunde 15; katika joto la kawaida volti zisishuke chini ya 9.6. Kama huna, funga betri moja tu, piga stata huku mwenzako akitazama mita, kisha rudia kwa ya pili. Dizeli ni nzito kwa betri moja, kwa hiyo zilinganishe zenyewe kwa zenyewe. Moja ilishuka hadi 10.1 na injini ikazunguka. Nyingine ilianguka hadi 7, stata ikabaki tak-tak-tak.

Hatua ya 5: Kama betri ina vifuniko vya kufungua, tumia haidromita, kipimo kinachofyonza maji ya betri (asidi) na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Mimi naiamini kuliko mita ya umeme, kwa sababu inakuambia hadi seli yenyewe. Vaa miwani na glovu. Seli iliyojaa husoma takriban 1.265, moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo ndiyo mgonjwa. Kwenye ile mbovu tulikuta tano ziko 1.260 na ya tatu kutoka chanya ina 1.150.

Hatua ya 6: Nunua mbili, aina moja, ukubwa mmoja, siku moja. Najua inauma kuitoa ambayo bado inafanya kazi, lakini mpya ikifungwa na iliyochoka huchakaa mapema. Ile nzima itafaa kwenye gari la betri moja. Ukirudisha waya, anza na chanya zote, hasi mwisho. Washa injini, pima: 13.8 hadi 14.5, na alternata yako haina kosa.