Lipu ikianza kubanduka, usikimbilie kuita fundi mwingine

Ukishamwita, mkandarasi aliyekujengea atasema kazi iliharibiwa na huyo wa pili, na ushahidi wako umekwisha.

Kwanza gonga ukuta kwa sarafu, hatua kwa hatua. Panapolia mvungu, zungushia chaki: hapo lipu haikushika, mara nyingi kwa sababu tofali hazikumwagiwa maji kabla, zikanyonya maji ya saruji. Unga mweupe unaotoka na kurudi hata ukifuta ni chumvi. Unaweza kutokana na mchanga wa baharini au unyevu unaopanda kutoka msingi. Piga picha ukiwa umeweka futi kando ya ufa, kisha rudia baada ya wiki mbili. Ufa unaopanuka ni jambo zito kuliko ufa mrefu uliotulia.

Halafu mwandikie mkandarasi barua, nakala mbili. Taja kila kasoro na chumba chake, mpe siku 14 za kurekebisha, na asaini nakala yako kwamba ameipokea. Simu na maneno ya kibarazani ni vigumu kuyathibitisha baadaye. Kama mkataba unakuruhusu kubakiza sehemu ya malipo hadi kipindi cha uangalizi (muda ambao bado anawajibika kurekebisha kasoro) kiishe, usiiachie bado, tafadhali.

Akikaa kimya, peleka mkataba, risiti, picha na barua hizo Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania. Bodi inashughulikia usajili na nidhamu ya mkandarasi; fidia idai kwa njia ya usuluhishi iliyoandikwa kwenye mkataba, au mahakamani.