Shujaa na Kijana Wake: Kutengeneza Toleo la Katuni la Kurasa 22

Kabla ya kushika penseli, andika sentensi moja: kijana atafanya nini ambacho mlezi wake, yaani shujaa, hawezi, au amemkataza? Bila jibu hilo utapata hadithi ya shujaa mkubwa na mtoto anayekimbia nyuma yake, na msomaji wa rika la kijana huyo ataligundua mapema kuliko wote.

Robin, kijana wa Batman, alipoingizwa katika toleo la 38 la jarida la katuni la Detective Comics, Aprili 1940, mwandishi Bill Finger alikuwa na haja ya kikazi: Batman hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kazi hiyo ipo hadi leo. Kila unapotaka kumwandikia shujaa mawazo marefu kichwani, futa, kisha mpe kijana swali.

Kurasa 1 hadi 5 waonyeshe wakifanya kazi pamoja, uwezo wa kila mmoja uonekane. Kurasa 6 hadi 13 mpasuko wao ukue. Ukurasa wa 14 mlezi aondoke mchezoni: ajeruhiwe, anaswe, au aamue vibaya. Sababu iwe imeonekana tangu kurasa za mwanzo. Ukimwangusha kwa ajali tu, msomaji atauona mkono wa mwandishi. Kuanzia 15 hadi 20 ni zamu ya kijana, na 21 na 22 wakutane tena.

Nimetaja 14 kwa makusudi. Ukurasa wa 1 huwa kulia, kwa hiyo kurasa za shufwa ndizo zinazofunuliwa. Ukiweka mshtuko ukurasa wa 15, jicho litauona msomaji akiwa bado yuko wa 14.

Kinachowashinda wengi ni kimo. Mchore mlezi kwa urefu wa vichwa 8, kijana wa miaka 12 kwa vichwa 6 na nusu hadi 7. Wakisimama pamoja, kichwa cha mlezi kinagusa juu ya fremu (kisanduku cha mchoro), mahali pa viputo vya maneno, na juu ya kijana panabaki patupu. Patumie hapo: viputo vya wote wawili vikae juu ya kijana, mikia ikielekea midomo bila kupishana. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo jibu litasomwa kabla ya swali. Usiwaweke sawa kwa kukata miguu ya mlezi kila fremu. Mpandishe kijana ngazini au ukingoni mwa paa, au mchuchumaze mlezi. Ila macho yao yakilingana sawasawa kwa mara ya kwanza ukurasa wa 22, hutahitaji maneno ya kueleza kilichobadilika.

Wajaze wote wawili weusi mtupu, kisha wapunguze hadi sentimita 2. Kama huwatambui kwa umbo, badilisha nywele, mabega au vazi kabla ya kuendelea.

Fremu 5 au 6 kwa ukurasa zinatosha. Waandishi wa Kiingereza huruhusu maneno 25 hivi kwa kiputo. Kwa Kiswahili ishia 15, maana «tutakapowafikia» peke yake hula mstari mzima. Ukilazimika kukata neno, kata mwisho wa silabi: tutakapo-wafikia. Amua pia kijana anamwitaje mlezi wake, Mwalimu, Mjomba au Bosi, na asiache kumwita hivyo. Jina tupu libaki kwa ajili ya ugomvi.

Ukichapisha kwenye duka la stationery, chora kwenye A3 upate A5, nusu kamili. Acha sentimita 2 kila upande, kwa kuwa mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni. Herufi kubwa ziwe na kimo cha milimita 4. Mistari ya kalamu ya milimita 0.1 itapotea ikipunguzwa, anzia 0.3. Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi).

Karatasi 6 za A4 zikikunjwa zinatoa kurasa 24, na ya saba, nzito zaidi, ni jalada. Kurasa 2 za ziada ziweke mwisho. Ukitanguliza moja, hadithi itaanzia kushoto na kila mshtuko uliopanga utahamia kulia. Kunja nakala tupu kwanza, ipe namba kwa penseli, uifunue yote, ndipo upige pini 2 kwenye mkunjo wa toleo lenyewe.