Simu Imeibwa Malindi: Jinsi ya Kuripoti na Kuifuatilia Hadi Ipatikane

Simu ikishanyakuliwa, okoa pesa kwanza, simu baadaye. Mwizi anayepita na pikipiki barabara ya Casuarina magharibi ikiingia anajua vizuri kwamba ndani ya simu ile mna M-Pesa, mna Fuliza, mna M-Shwari, na pengine mna pesa za chama ulizokabidhiwa na wenzako. Akiishika ikiwa haijajifunga, hata haja ya kuiuza hana.

Omba simu ya yeyote aliye karibu, awe dereva wa tuktuk au mwenye duka. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga 100 kwa laini ya Safaricom. Airtel nao ni 100 kwa laini yao. Sema simu imeibwa na unataka laini ifungwe pamoja na akaunti ya pesa. Utaulizwa jina kamili, namba ya kitambulisho, na huenda pia maswali kuhusu matumizi yako ya karibuni. Jibu bila kukasirika, kwani wanataka kujua kama anayepiga ni mwenye laini kweli. Ukiwa na programu ya benki, pigia na benki yako, maana namba za siri za kuidhinisha malipo huja kwa ujumbe kwenye laini hiyo hiyo.

Kisha tafuta kompyuta au simu nyingine yenye intaneti. Mwenye Android aingie android.com/find kwa akaunti yake ya Google, mwenye iPhone aingie icloud.com/find. Ifunge simu kutoka huko, na uache namba ya jamaa yako itokee kwenye kioo. Ramani ikionyesha mahali simu ilipo, au ilipoonekana mwisho, piga picha ramani hiyo na saa yake ionekane. Usikimbilie kufuta kila kitu: Android ikishafutwa, hutaiona tena kwenye ramani. Na iPhone usiitoe kwenye akaunti yako hata kidogo. Baadaye ukitumiwa ujumbe kwamba simu imepatikana, ubonyeze mahali fulani uingize neno lako la siri, jua ni mwizi huyo huyo anatafuta ufunguo.

Hapa nakusihi: usiifuate ile nukta ya ramani wewe na vijana wa mtaani. Nukta hukosea nyumba mbili tatu, na kwenye mitaa iliyobanana kama Maweni au Kisumu Ndogo, au vichochoro vya mji wa kale, nyumba mbili tatu ni familia nyingine kabisa. Kelele za "mwizi!" zimeshaua watu wasio na hatia katika nchi hii. Picha ya ramani ipeleke kituoni.

Kituoni nenda na kitambulisho, risiti ya simu kama unayo, na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Hiyo namba ndiyo kila kitu. Ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Itazame kwenye kibandiko cha ubavuni mwa boksi, chini ya zile alama za mistari myeusi. Kama boksi lilishatupwa, angalia kwenye risiti, au kwenye orodha ya vifaa katika akaunti yako. Nawe unayesoma haya simu ikiwa bado mkononi, bonyeza *#06# sasa hivi, uandike zote mbili kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Ripoti kwenye kituo cha eneo ulikoibiwa: mjini ni kituo cha polisi cha Malindi, na aliyeibiwa Watamu ana kituo chake huko. Askari wa zamu ataandika taarifa yako kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha kaunta. Taja mahali, saa, jinsi ilivyochukuliwa, aina ya simu, rangi, namba ya laini na IMEI. Kabla hujaondoka, omba usomewe kilichoandikwa. Kama uliibiwa, iandikwe imeibwa, isiandikwe imepotea, kwa sababu kitu kilichopotea hakina mtu wa kutafutwa. Nakili namba ya OB na tarehe yake.

Utapewa abstrakti, na ni bure. Watu wengi huishia hapo. Wanaikunja, wanaitia mfukoni, wanarudi nyumbani kungoja simu, kumbe abstrakti ni cheti tu cha kuonyesha kwamba uliripoti. Itakufaa ukitaka kitambulisho kipya kama kiliibwa pamoja na simu, au ukidai bima. Kutafuta simu ni kazi ya mpelelezi, na mpelelezi sharti umwombe. Mwambie askari unataka kuandikisha maelezo na kesi ipelekwe kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kisha ujue nani amepewa faili lako na namba yake ya simu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kila simu inapowashwa, mtandao husoma IMEI yake pamoja na laini iliyotiwa ndani. Mpelelezi huomba amri ya mahakama, na Malindi mahakama ipo, kisha kampuni ya simu humpa namba ya laini inayotumika ndani ya simu yako na jina lililosajiliwa. Wewe mwenyewe huwezi kupewa taarifa hizo. Kwa hiyo anayekuambia mtandaoni kwamba atakutafutia simu ukimtumia pesa kidogo anakuibia mara ya pili.

Haya huchukua muda. Simu hukaa imezimwa hata miezi, mpaka mnunuzi aiwashe. Mpigie mpelelezi mara kwa mara, kwa heshima, na uende mwenyewe ukiweza. Faili lisiloulizwa hufunikwa na mengine. Ukiombwa pesa za mafuta au za chai, omba kuonana na OCS, mkuu wa kituo, na ikishindikana peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Kuhusu laini, usingoje mpaka simu ipatikane. Asubuhi yake nenda na kitambulisho chako halisi dukani kwa kampuni upate kadi mpya ya namba ile ile, ubadilishe PIN, halafu kwa Safaricom bonyeza *106# uone kama kuna laini usiyoijua kwa jina lako.

Simu ikipatikana, mara nyingi huwa kwa mtu aliyeinunua rahisi bila risiti. Atakusihi myamalize nje ya kituo, umrudishie alicholipa. Mimi nasema usikubali. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayepokea mali akijua ni ya wizi, na kifungo chake ni hadi miaka 14. Aeleze aliyemuuzia, kwani huyo ndiye atakayemwibia jirani yako kesho. Kesi ikifika mahakamani simu hushikwa kama kielelezo. Muulize mpelelezi kama inaweza kupigwa picha ukakabidhiwa mapema. Siku ya kuichukua nenda na boksi, linganisha IMEI tarakimu kwa tarakimu, na uifute yote kabla ya kuingiza akaunti yako tena.