Wameza dawa za dipresheni na wataka mtoto? Soma hii kabla hujaziwacha

Dadangu, kama leo asubuhi umeona mistari miwili na kitu cha kwanza kilokujia kichwani ni kumwaga vidonge vyako chooni, tafadhali viweke hapo mezani usome hii kwanza. Mimi mimba yangu ya kwanza nlivimwaga. Sikumuuliza mtu. Nlikuwa nameza sertralini, dawa ya dipresheni, miligramu 50 kwa mwaka na nusu, nalala vizuri, biashara yangu pale Kongowea yaenda, nkaona mimba nkasema basi, mtoto kwanza. Siku ya tatu nkaanza kusikia kichwani kama stima inanipiga kila nkigeuza macho, kichefuchefu nkadhani ni cha mimba, usingizi ukaisha. Hayo yalipita. Lakini kufika wiki ya saba nlikuwa nalala chini kwa sakafu ya jikoni mchana kutwa, siku moja maharagwe yakaungua mpaka moshi ukajaa nyumba, nauona na siinuki, jirani ndo alikuja kuzima jiko.

Kwahivo la kwanza kabisa: usiwache dawa peke yako kwa ghafla. Kuna utafiti ulofanywa Marekani ukatolewa 2006, walifuata wajawazito 201 ambao dipresheni ilikuwa imewasumbua sana zamani, wale waloacha dawa iliwarudia 68 kwa kila 100, waloendelea ni 26 kwa kila 100. Na dipresheni yenyewe haimuachi mtoto salama vile watu wanavyodhani, mama hali, halali, haendi kliniki, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au na uzani mdogo. Hakuna upande usio na hatari yoyote hapa, unachagua ile ndogo, na huwezi kuipima peke yako.

Kama hujashika mimba bado, hapo ndo pazuri. Miezi mitatu hivi kabla hujaanza kujaribu, rudi kwa daktari alokuandikia dawa. Kama alokuandikia ni wa praiveti na pesa zimeisha, hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha afya ya akili, nenda huko. Beba boksi la dawa lenyewe, usiende na jina la kukumbuka kumbuka. Na mwambie yote: imekushika mara ngapi, ilipokuwa mbaya zaidi ilikuwa vipi, ulishawahi kuwacha dawa na nini kikatokea, ulishawahi kutaka kujiua. Hilo la mwisho wengi wetu tunalificha kwa kuogopa polisi, manake kujaribu kujiua kulikuwa kosa Kenya chini ya kifungu 226, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Sema tu. Majibu hayo ndo yanaamua. Kama ilikushika mara moja, ikawa nyepesi, na sasa ni muda mrefu uko sawa, daktari anaweza kukupunguzia pole pole kwa wiki kadhaa, huku unaongea na kaunsela, kisha mkae muone kabla ya kushika mimba. Kama imekurudia rudia ama ilishakulaza hospitali, mara nyingi watakwambia uendelee.

Sasa dawa zenyewe, manake hapa ndo maneno mengi yanapotoka. Sertralini ndo madaktari wengi wanapenda kuanza nayo kwa mja mzito na anayenyonyesha. Hospitali za serikali mara nyingi utapewa fluoksetini ama amitriptilini, usishtuke, hizo pia zimetumiwa na wajawazito miaka mingi. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa hata ukiwacha, kwahivo kuiwacha siku ulopima mimba hakumuondolei mtoto kitu. Paroksetini ndo wanaikwepa wakiweza, imehusishwa na kuongezeka kidogo kwa kasoro za moyo wa mtoto ikimezwa miezi mitatu ya kwanza. Lakini kama ushashika mimba na dawa uliyonayo inakufaa, usikimbilie kubadilisha ati umesikia kuna ilo bora, manake mtoto atakuwa amepitia dawa mbili badala ya moja na wewe hujui kama hiyo mpya itakufaa. Na ujue hili, hata mama asiyemeza chochote, kama watoto 3 kwa kila 100 wanazaliwa na kasoro fulani. Ukisikia mtu anakwambia "fulani alimeza dawa mtoto akazaliwa hivi", kumbuka hiyo namba.

Ile ya kuogopa kweli kweli ni valproeti. Kama wameza hiyo, iwe ya kifafa au ya bipola (ule ugonjwa wa moyo kupanda juu sana kisha kushuka chini sana), nenda kwa daktari kabla hujashika mimba, inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto na hiyo haina mjadala. Hapo pia usiiwache mwenyewe, kifafa kikirudi ghafla kinaweza kuua. Na kama ulishawahi kuwa na siku unakaa macho usiku tatu nne huchoki, watumia pesa ovyo, waongea haraka mpaka watu wanakushangaa, mwambie daktari, inawezekana si dipresheni peke yake, ni hiyo bipola.

Foliki asidi, ile vitamini ya wajawazito, anza kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku, uendelee angalau wiki 12 za mwanzo. Sigara, pombe, muguka, mirungi, wacha. Muguka hasa, najua wako tunaotafuna ili tuchangamke, lakini inakula usingizi na hamu ya chakula, vitu viwili ambavyo dipresheni ishakuibia.

Ukishashika mimba, kliniki ya wajawazito wajue. Mwambie sista aandike jina la dawa na dozi kwa kile kijitabu cha mama na mtoto, ili usiku wa uchungu mkunga asiyekujua asome mwenyewe. Najua kwa nini mtu anaficha. Kliniki moja sista alifungua kijitabu changu akaniuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia, "wewe ndo wa dawa za wazimu?" Nlitoka nje nkalia kwa tuktuk mpaka nyumbani. Mara ya pili nlienda na dadangu, nkamwambia sista mwengine, "nina jambo nataka tuongee kando", akanipeleka chumbani, ikaisha vizuri. Fanya hivo. Na maneno yatayarishe nyumbani, manake ukifika pale yanapotea.

Nyumbani nako kuna yake. Mamamkwe wangu alipata vidonge ndani ya kopo la biskuti nilipovificha, akasema hayo ni majini, akaniletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani. Nlilinywa. Dua na kombe havijanizuia kumeza kidonge changu, na kidonge hakijanizuia kuomba, wazee wakiona hupingi imani yao wanapoa. Ila dawa za miti, hata zilosagwa, usinywe kabla hujamuonyesha daktari, nyengine zinagombana na dawa hizi. Mume mueleze mapema, na umwambie dalili zako za mwanzo kabisa, mimi yangu ni kuwacha kuoga, ili aone kabla wewe hujaona.

Ramadhani ikikukuta na daktari akakubali ufunge, hizi dawa nyingi ni mara moja kwa siku, sertralini waweza kuimeza daku ama baada ya futari, shika wakati mmoja tu. Amitriptilini ni ya usiku, inaleta usingizi.

Kitu sikuambiwa na mtu: mimba ikikua, damu mwilini inaongezeka karibu nusu yake na dawa nyengine mwili unazitoa haraka, kwahivo dozi iliyokutosha mwanzo inaweza kuwa haitoshi. Mimi mimba ya pili mwezi wa saba nlianza tena kuamka saa tisa usiku nalia. Nkadhani nimeshindwa. Daktari akanipandisha kutoka 50 mpaka 100, wiki tatu nkawa sawa. Ukiona umeteleza usingoje tarehe ya kliniki.

Kuzaa, usikubali kukimbizwa nyumbani, omba mtoto aangaliwe siku moja mbili. Karibu watoto 3 kati ya 10 ambao mama alikuwa kwa dawa hizi wanatetemeka kidogo, wanalia sana ama wananyonya kivivu, na mara nyingi yanaisha yenyewe ndani ya siku chache, mpaka wiki mbili. Wangu mkono ulikuwa unatikisika tikisika kila nkimfunua leso, siku ya nne ukatulia. Kuna tatizo moja la mapafu ambalo ni nadra, linapanda kutoka kama watoto 2 kwa kila 1000 mpaka kama 3. Mtoto akipumua mbio, midomo ikigeuka samawati, akikataa kunyonya kabisa ama akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Kunyonyesha nyonyesha, sertralini inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Halafu arobaini. Hapa Mombasa tunakandwa, tunaletewa uji wa pilipili manga, mlango hatutoki siku arobaini, na hiyo ndo miezi dipresheni inapenda kurudi kwa nguvu. Dawa zikiisha wiki ya tatu nani atakwenda kununua? Mimba ikifika miezi minane muombe daktari akuandikie za miezi miwili mbele, mpe mume ama dadako karatasi yenye jina na dozi, na namba ya simu ya msaada 1199 ya Msalaba Mwekundu iandike ukutani karibu na kitanda. Mimi niliibandika juu ya swichi ya taa, nkiamka kunyonyesha usiku naiona.