Mtoto yuko nusu kaputi: utajuaje kama anaumia?

Dawa ya usingizi humwondolea mtoto fahamu; maumivu ni habari nyingine. Chukua mtoto wa miaka miwili anayepasuliwa ngiri chini ya halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta. Hawezi kulalamika, ila mwili wake husema, mradi uwe na namba za kulinganisha.

Namba hizo ziandike akishalala na kutulia, kabla ngozi haijaguswa: mapigo, presha, upumuaji. Zile za wodini alipokuwa akilia hazifai. Mkanda wa presha uwe na upana wa karibu 40% ya mzunguko wa mkono. Ukiwa mwembamba utakupa presha ya juu ya uongo. Upime kila dakika 3, lakini kisu kinapoingia bonyeza mwenyewe kitufe cha kupima.

Hapo ndipo penye mtihani. Alitulia kwenye mapigo 110. Yakifika 132, yaani nyongeza ya 20%, na presha ikapanda nayo, shuku maumivu. Anayejipumulia mwenyewe mara nyingi huanza kuhema au kubana pumzi kabla hata mguu haujacheza. Kama alichomwa ganzi ya mkiani, ile ya mwisho wa uti wa mgongo (bupivakeini 0.25%, mililita 1 kwa kilo), isubiri dakika 15. Mapigo yakiruka baada ya hapo, huenda haikushika, au imeshika upande mmoja.

Funua kope pia: mboni iliyotanuka na machozi ni dalili, ila jua alichopewa. Atropini hupandisha mapigo bila maumivu yoyote. Ketamini hupandisha mapigo na presha, na huleta machozi. Fentanili, dawa kali ya maumivu, hubana mboni, halotheni huzuia mapigo yasipande, na dawa ya kulegeza misuli huficha kila mtikisiko.

Usikimbilie sindano. Mapigo ya kasi na presha inayoshuka mara nyingi ni upungufu wa damu au maji. Kagua oksijeni, kaboni dioksidi, joto la mwili, kibofu kilichojaa. Yote yakiwa sawa, mwombe daktari anayepasua asimame kidogo, toa fentanili maikrogramu 1 kwa kilo, angalia tena baada ya dakika 3 hadi 5, na uwe tayari kumsaidia kupumua.

Mapigo yakishuka ghafla, usiwaze maumivu: hakikisha oksijeni na njia ya hewa kwanza. Kama kifuko cha ngiri kinavutwa wakati huohuo, kiachiwe.