Kurudi chuo ukubwani ukiwa bado na deni la Bodi ya Mikopo

Wengi tuliosomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania (HESLB) ilipoanza kazi mwaka 2005 tumeshavuka miaka 35. Tuna kazi, tuna watoto, na tunatamani kurudi darasani. Kinachotuponza ni kuanzia mwisho: tunaomba chuo, tunalipa ada ya muhula wa kwanza, halafu deni la zamani tunalikumbuka likishatubana. Nakusihi uanze na deni.

Kwanza ujue masharti ya sasa, maana si yale uliyotia saini ukiwa kijana. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mwenye mshahara wa 900,000, makato yalitoka 72,000 na kufika 135,000 kila mwezi. Kisha ukaja unafuu. Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka. Ilikoma tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikafutwa. Kwa hiyo kama uliacha kulifuatilia deni lako kwa sababu kila ukiangalia limekua, liangalie tena.

Hatua ya kwanza: pata taarifa ya deni. Fungua akaunti yako kwenye mfumo wa Bodi, au nenda ofisini kwao Dar es Salaam, Dodoma au kwenye ofisi za kanda kama Arusha, Mwanza, Mbeya na Zanzibar. Utambulisho wako mkuu ni namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile yenye namba ya shule, namba yako na mwaka. Chukua na kitambulisho cha NIDA. Dada zetu waliobadilisha jina baada ya ndoa wabebe hati ya kubadili jina, kwa sababu Bodi inakujua kwa jina la kwenye cheti cha shule na mwajiri anakujua kwa jina lingine.

Hatua ya pili: linganisha, mwezi kwa mwezi. Hapa usiwe na haraka. Weka taarifa ya Bodi upande mmoja na salari slipu zako upande wa pili, kisha pitisha kalamu mstari kwa mstari. Mimi nilifanya kazi hiyo juu ya meza ya kulia chakula, slipu nimezipanga kwa mwaka. Kulikuwa na miezi minne ambayo mwajiri wangu wa zamani, shule moja binafsi, alinikata lakini fedha hazikuonekana Bodi. Slipu ya Agosti ilionyesha makato waziwazi. Kwenye taarifa, baada ya Julai ilifuata Desemba. Bila vile vikaratasi ningelipa mara mbili.

Ukikuta pengo kama hilo, andika barua kwa Bodi ukiambatisha nakala za slipu, na nakala ya barua umpe mwajiri. Kwa sheria, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Ukipeleka barua hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Angalia pia kama kuna tozo ya kulinda thamani iliyoandikwa kwa tarehe ya baada ya 1 Julai 2021. Ikiwepo, hoji.

Hatua ya tatu: amua utalipaje ukiwa masomoni. Ukienda kwa ruhusa yenye malipo, mshahara unaendelea na asilimia 15 inaendelea kukatwa. Ukienda bila malipo, au ukiacha kazi, hakuna wa kukukatia. Usinyamaze; iandikie Bodi mapema ueleze hali yako. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato. Unaomba namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, unalipia benki au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Risiti itunze hata baada ya kuona imeingia.

Hatua ya nne: je, unaweza kuomba mkopo mpya? Kwa miaka ya karibuni mwongozo wa uombaji umeweka ukomo wa miaka 35, na unamtaka mwombaji asiwe na ajira rasmi wala biashara inayomwingizia kipato. Aliyewahi kukopeshwa akaacha masomo anatakiwa kwanza awe amerejesha angalau asilimia 25 ya mkopo aliochukua. Ukiwa ndani ya vigezo, ada ya maombi ni 30,000. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au mamlaka ya usajili wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Fomu inasainiwa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, na lazima uwe na mdhamini. Soma mwongozo wa mwaka husika wote kabla hujalipa hiyo 30,000.

Binafsi naona ukomo huo wa umri unamwonea mwalimu wa miaka 40 anayetaka shahada ya kwanza baada ya stashahada. Huyo ana miaka 20 ya kazi mbele yake na angelirejesha lote. Lakini ndivyo ulivyo, kwa hiyo aliyevuka umri ajipange kwingine. Chuo Kikuu Huria kinakuwezesha kusoma huku ukifanya kazi na kulipa ada kidogo kidogo. Benki nazo zina mikopo ya elimu kwa wanaopitishia mshahara kwao.

Kabla hujasaini mkopo wa benki, kaa na afisa utumishi mfanye hesabu ya theluthi moja. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwenye ule mshahara wa 900,000, theluthi ni 300,000. Kwenye 600,000 iliyobaki toa kodi, toa mfuko wa hifadhi ya jamii, toa bima ya afya, toa 135,000 ya Bodi. Kinachosalia ndicho benki inaweza kukata. Nimeona watu wakipata nafasi chuoni, wakifika benki wakaambiwa nafasi ya makato imekwisha.

Na kama taarifa inaonyesha umebakiza kidogo, laki tatu au nne, limalize kabla ya kuanza masomo, uombe cheti cha kumaliza deni. Kikitoka, peleka nakala kwa mwajiri siku hiyohiyo ili makato yasimame mwezi unaofuata.