Kutafuta pH na pOH: ioni kwanza, logi baadaye

pH ni −log ya ukolezi wa ioni za H⁺, na pOH ni −log ya ukolezi wa OH⁻. Maksi nyingi za swali la pH hupotea kabla mwanafunzi hajagusa logi. Tuchukue hili: gramu 0.40 za NaOH zimeyeyushwa kwenye maji, mmumunyo ukafikia sentimita za ujazo 250. Tafuta pH yake katika nyuzi 25 za Selsiasi.

1. Gramu ziwe moli. Na 23, O 16, H 1, jumla 40. Basi 0.40 ÷ 40 = moli 0.01.

2. Molari. Ujazo uwe lita: 250 ÷ 1000 = 0.25. Kisha 0.01 ÷ 0.25 = 0.04 M (moli kwa lita). Ukisahau kugawa kwa 1000, pH yako itakosea kwa 3 nzima.

3. Ioni. NaOH moja hutoa OH⁻ moja, kwa hiyo ukolezi wake, [OH⁻] = 0.04 M. Ingekuwa Ca(OH)₂, ungezidisha kwa 2.

4. pOH = −log 0.04. Kwenye kikokotoo bonyeza log, si ln, utapata 1.40. Wa jedwali la logi, andika 4 × 10⁻². Logi ya 4 ni 0.6021, ya 10⁻² ni −2, hivyo pOH = 2 − 0.6021 = 1.3979. Hapa ndipo wengi huteleza: wakiona logi ya 0.04 imeandikwa 2̄.6021 husoma −2.6021. Mstari ule unaifanya 2 peke yake kuwa hasi, 0.6021 inabaki chanya.

5. Katika nyuzi 25, pH + pOH = 14, hivyo pH = 14 − 1.40 = 12.60. Hii ni alikali, lazima ipite 7. Ukiandika pH ni 1.40, umeishia kwenye pOH.

Maswali

*Mwalimu, HCl ya 1 × 10⁻⁸ M inanipa pH 8. Asidi imegeuka besi?*
Hapana. Maji yenyewe yana H⁺ 10⁻⁷ M, nyingi kuliko za asidi hiyo, nawe umeziacha. Ukizihesabu, pH ni kama 6.98.

*Asidi ya ethanoiki 0.1 M, pH ni 1?*
Ingekuwa 1 kama ni asidi kali. Hii ni dhaifu, molekuli chache tu ndizo huachia H⁺. Tumia Ka (namba inayoonyesha asidi huachia H⁺ kwa kiasi gani) = 1.8 × 10⁻⁵: [H⁺] = √(1.8 × 10⁻⁵ × 0.1) = 1.34 × 10⁻³ M, pH 2.87.

*Nimepata pH −0.30 kwa HCl ya 2 M. Nifute?*
Usifute. Ukolezi wa H⁺ ukizidi 1 M, hesabu hii hutoa pH hasi.